Neno "Mbichi" na Sufuria ya Ofisini

Mmeniuliza kwenye simu, ninyi wawili mliochukua meza yangu, kwa nini kuna sufuria yenye masizi ndani ya kabati la dawa, na kama mnaweza kuitupa. Msiitupe. Nilitaka kuwajibu hapohapo kwa maneno mawili, nikaona maneno mawili ndiyo yaliyonitia matatani tangu mwanzo. Mkubwa wetu aliponiaga alisema niandike kumbukumbu zangu za kazi ziwafae vijana, akapendekeza nianze na idadi ya mbwa niliowachanja. Idadi iko kwenye madaftari, na madaftari yameliwa na mchwa kuanzia mwaka wa kwanza. Mchwa wa Nchelenge wanasoma kwa mpangilio. Basi nitaandika juu ya sufuria, na juu ya chakula cha mbwa, maana huko ndiko sufuria ilikotoka.

Naandika kwa Kiswahili ingawa sote watatu tunaongea Kibemba majumbani. Sababu ni kwamba kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya kwa Kiswahili. Mama yangu alizaliwa Kilwa ile ya Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, na mimi mwenyewe nilikwenda kusomea cheti cha mifugo Mbeya, kwa hiyo nilikuwa na Viswahili viwili, cha mama na cha kitabu. Wenzangu ofisini walikuwa wakiniita niwatafsirie kila mfanyabiashara wa Kongo aliyeingia mlangoni. Nilijiona fundi. Maandiko yanasema anayejidhani amesimama aangalie asianguke, na mimi nilikuwa nikiyasikia kila Jumapili nikidhani yanamhusu aliyekaa benchi la mbele.

Jambo jingine mlijue mapema: mimi ni mtu wa wasiwasi. Mume wangu husema nikifunga mlango mara moja nitarudi kuushika mara tatu. Nilizaliwa hivyo, na kazi ya kuchanja mbwa haikunitibu.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Ba Chisha, msaidizi mkuu wa mifugo, mzee mrefu aliyevaa gamboti hata wakati wa jua kali. Hakuniuliza nimefaulu vipi. Alifungua sanduku la barafu lenye chanjo, akanishika mkono akauingiza mle ndani mpaka vidole vikaanza kuuma. "Ikikuuma, chanjo iko hai," akasema. "Isipokuuma, unawadunga mbwa maji." Kisha akanipa fimbo ya kitanzi ya kukamatia mbwa wakali, akanionyesha jinsi ya kusimama ubavuni mwa mbwa na si mbele yake. Jambo la tatu lilikuwa swali. Akasema, kabla hujamgusa mbwa yeyote, kabla hujauliza anaumwa nini, muulize mwenye mbwa: anakula nini? Kwa Wakongo alikuwa akiuliza hivi, kwa sauti ya chini kana kwamba anauliza habari za msiba: "Imbwa inakulaka nini?"

Nilimwona kama mzee mwenye mazoea yake tu. Kila mtu pale ufukoni Kashikishi alijibu jibu moja, "inakulaka byote," na kweli mbwa wa ufukoni hula vyote, makoko ya ubwali, ugali wetu, matumbo ya samaki, viatu. Siku ile nilichanja mbwa mmoja mara mbili, kwa sababu alikuwa na nyumba mbili na majina mawili: asubuhi aliletwa kwa kamba ya wavu akiitwa Bosi, mchana akaletwa kwa kamba nyingine akiitwa Tiger. Nilipogundua nilitaka kulia. Ba Chisha akaniambia huyo atakuwa salama kwa niaba ya mwenzake ambaye hatukumkamata.

Katika mwaka wangu wa pili alinipeleka wodini kumwona mvuvi mmoja aliyeng'atwa. Mvuvi yule alikuwa amemuua mbwa kwa mkono wake, akamtupa ziwani, akapaka dawa ya mizizi kwenye jeraha, akaendelea na nyavu zake. Jeraha lilipona. Wiki kadhaa baadaye alishindwa kumeza maji. Mke wake alimletea kikombe, na kwa kukiona tu koo lake lilikaza na macho yakamtoka, mtu mzima mwenye mabega ya kuvuta mtumbwi. Ba Chisha alinisimamisha pale mlangoni na hakuniruhusu kugeuza uso. "Angalia vizuri," akaniambia, "ili usije ukachelewa." Tangu siku ile sikuchelewa. Nilimwogopa kila mbwa aliyetoa udenda, na woga wangu ulikuwa na haraka. Haraka hiyo ndiyo itakayonirudia mbele.

Sasa niruke miaka, maana mingi ilifanana. Ba Chisha alistaafu, akarudi kwao Mwansabombwe, akafariki. Nikabaki na sanduku lake la barafu na jina la utani: ufukoni waliniita Mama Imbwa.

Mama Ngoie mnamfahamu, yule mama Mkongo mwenye meza ndefu za kuanikia chisense, vidagaa wa ziwa letu, pale Kashikishi, anayevusha magunia ya vidagaa kwenda Kilwa na kurudi na vitenge. Mbwa wake alikuwa dume la rangi ya kahawia, sikio moja limekatika. Alimwita Dwane, neno lao la forodha, kwa sababu kila boti ilipofunga yeye alikuwa wa kwanza kunusa mizigo, na hakuna aliyeshuka bila kukaguliwa. Mama Ngoie hana mtoto karibu. Wa kwake wote wako Lubumbashi. Mbwa yule alikuwa anakula naye, anakwenda naye misa, anamsubiri nje.

Siku moja alinisimamisha njiani nikiwa kwenye pikipiki ya ofisi. Dwane alikuwa anatapika. Nilimtazama mbwa, nikatazama chini ya meza za kuanikia, nikaona anakula mabaki yaliyofagiliwa, chisense zilizolowa mvua, zikaoza, zikachanganyika na mchanga. Safari hii sikuhitaji kuuliza swali la Ba Chisha, jibu lilikuwa linanuka. Mguu mmoja ulikuwa chini, injini inaunguruma, nikamwambia kwa Kiswahili cha mama yangu: "Acha kumupa hii ya kuoza. Mupe samaki mubichi."

Nilimaanisha samaki wa leo, ambaye hajaoza wala kukaushwa, apikwe pamoja na ubwali kama kila mtu anavyompikia mbwa wake. Ndivyo tunavyosema sokoni: samaki mkavu huyu hapa, samaki mbichi yule pale. Lakini mbichi ni pia yule ambaye hajaona moto. Neno ni moja kwa mambo mawili. Hata Kibemba kisingeniokoa, maana nacho kina neno hilohilo, ndugu wa tumbo moja. Nikaondoa mguu chini, nikaenda zangu.

Miezi mitatu iliyofuata Dwane aling'aa. Kutapika kuliisha, manyoya yakawa laini, na Mama Ngoie alikuwa ananiita kila nikipita. "Dokotere, angalia! Mubichi tu!" Mimi nilitikisa kichwa kwa furaha nikidhani ananisifia samaki wa siku ile. Mara moja alinionyesha simu yake. Mwanawe wa Lubumbashi alikuwa amemtumia video ya mzungu mmoja jikoni, anaweka nyama isiyopikwa, mfupa na yai kwenye bakuli la mbwa, akieleza kwamba mbwa ni mtoto wa mbwamwitu. "Unaona? Hata bazungu banafanyaka vile ulisema," akaniambia. Nilicheka. Nikasema wazungu hawana kazi. Hapo ndipo nilipopaswa kushuka kwenye pikipiki, na sikushuka.

Kisha akaja mbwa wa Ba Chola. Ba Chola ni mvuvi, jirani wa Mama Ngoie, mtu mpole asiyepaza sauti. Asubuhi moja nilipigiwa simu kwamba mbwa wake ana kichaa. Nilifika nikakuta watu wamesimama mbali kwa duara, na katikati mbwa mwenye madoa anayumba, anaanguka, anasimama, udenda unamtoka. Nilimwona yule mvuvi wa wodini. Naapa nilimwona, na kikombe chake. Sikuuliza kitu. Nilimshika kwa fimbo ya kitanzi, nikamdunga sindano ya mwisho, na kwa kufuata utaratibu nikatoa kichwa, nikakifunga, nikakiweka kwenye barafu na kukitia kwenye basi kiende kupimwa Lusaka. Ba Chola alisimama kando na kofia mkononi. Alifungua mdomo mara moja kama anayetaka kusema, nami nikamwambia kwa Kibemba, pole mukwai, nina haraka, lazima barafu isiyeyuke.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimetulia. Mume wangu alishangaa kwamba siku ile nilifunga mlango mara moja tu.

Wiki mbili baadaye ilikuwa zamu ya Dwane.

Nilipofika ufukoni watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, maana sasa habari ilikuwa kichaa kimeingia Kashikishi. Vijana wa boti walikuwa na makasia mikononi. Dwane alikuwa chini ya meza ya kuanikia, miguu ya nyuma imelegea, kichwa kinatikisika, udenda unashuka mchangani. Na Mama Ngoie alikuwa amekaa kando yake, kidole gumba kimefungwa kipande cha kitenge, kitenge kimelowa damu. Alikuwa amedhani mfupa umemkwama mbwa kooni, akaingiza mkono mdomoni, na mbwa katika kutetemeka kwake akafunga meno.

"Mama Imbwa, unangojea nini?" kijana mmoja akapiga kelele. "Tuipike!"

Msishtuke. Ng'ambo ile kupika ni kupiga. Ni kupika pia, lakini siku ile hakuna aliyekuwa akizungumzia chungu.

Nilikuwa na sindano ileile mfukoni. Kwa mkono wa kushoto nilikuwa nimeshaanza kufungua kitanzi. Jambo lililonizuia si busara, msije mkaniandikia busara nisiyokuwa nayo. Lililonizuia ni kidole cha Mama Ngoie. Ilinibidi kwanza nimnawishe, sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu, kama nilivyowafundisha ninyi, na ukimnawisha mtu mkono muda mrefu lazima muongee kitu. Mdomo wangu ukatoa swali la Ba Chisha wenyewe, kwa mazoea, kama mtu anavyosema pole.

"Imbwa inakulaka nini, Mama?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Inakulaka nini? Si ile ulisema? Samaki mubichi. Chisense ya ku boti, asubui mubichi, mangaribi mubichi. Moto haioni. Ilikuwa inalilia bukari, ubwali yenu, mi nakatala kumupa, ju dokotere alisema mubichi."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye kidole chake. 

Nikampigia daktari wetu wa mifugo, aliyekuwa Mansa. Nilimweleza kila kitu, nikaficha tu ni nani aliyeagiza chakula hicho. Akaniuliza chisense wabichi kwa muda gani, nikasema miezi mitatu, hakuna kingine. Akaniambia kuna samaki, na vidagaa wa jamii ile ni miongoni mwao, ambao wakiliwa bila kupikwa siku nyingi huharibu vitamini moja mwilini, na mbwa akiikosa hiyo huyumba, hutetemeka, huanguka kifafa. Moto huondoa shida hiyo. Nikamuuliza basi si kichaa? Akasema, "Sijasema si kichaa. Kinaweza kuwa kichaa. Mimi niko Mansa, wewe unamwona."

Mimi mwenyewe nilimchanja Dwane mwaka ule. Lakini siku ile ya kampeni ya chanjo barafu ilikuwa imeyeyuka nusu, na niliingiza mkono sandukuni na sikukumbuka kama uliniuma. Nilijaribu kukumbuka pale ufukoni, nimeshika simu, watu wote wananitazama. Sikukumbuka.

Utaratibu unaruhusu mbwa mwenye mwenyewe afungwe na kutazamwa siku kumi. Kama ana kichaa hatazimaliza. Aliyeng'atwa hangojei hizo siku, anaanza sindano siku hiyohiyo. Nilimwambia Mama Ngoie aende hospitali sasa hivi. Akakaa chini.

"Mukimuua, siendi," akasema.

"Mama, hii si ya kuchezea. Nimeona mutu akikufa na hii."

"Bon, nimesikia. Kama mi nadungwa, na yeye adungwe dawa. Mukimuua, miye siendi, na kidole ioze."

Hivyo ndivyo tulivyopatana, mbele ya makasia yote yale: yeye hospitali, Dwane siku kumi. Akipata sindano yake ya kwanza ndipo nami nitamdunga mbwa vitamini. Akaenda na mwanamke mwenzake, na habari ilipofika kwamba amedungwa nikavaa glavu mbili mbili, nikamsogelea Dwane kwa ubavuni. Nikavuta dawa kutoka chupani, nikamdunga. Ilikuwa chupa ya vitamini tunayowapa ng'ombe waliodhoofu, imebaki robo. Vijana walinisaidia kumburuta kwa fimbo hadi kwenye stoo tupu ya samaki yenye mlango wa mabati, tukamfungia na karai la maji. Mmoja akaniambia kwa upole, ambao ulinitisha kuliko kelele, kwamba mbwa akitoka mle na kung'ata mtoto, wao watajua nyumba yangu ilipo.

Siku ya kwanza hakunywa. Siku ya pili alishikwa na kifafa mbele yangu, miguu ikapiga mabati mpaka watu wakatoka kwenye meza zao kuja kusikiliza. Nilisimama mlangoni nikijiambia maneno mawili kwa zamu: nimewaua watu, nimemwokoa mbwa. Kisha kinyume chake. Sikula. Mume wangu alisema ubwali haujafanya kosa lolote, nikamjibu vibaya, nikamwomba radhi. Kila asubuhi nilipita hospitali kwanza kuhakikisha Mama Ngoie hajatoroka sindano zake, maana siku ya soko ilikuwa inakaribia na namjua. Sindano za kuendelea zilikuwa zinakuja na basi dogo la Mansa, na nilikuwa nasimama stendi kulisubiri kana kwamba ndani yake yumo mwanangu.

Mama Ngoie alijua mbwa anazidiwa. "Iko namna gani?" akaniuliza siku ile ya pili. Nikasema bado yuko hai. "Hiyo haiko jibu," akasema. Alikuwa sahihi.

Siku ya tatu asubuhi nilichungulia kwenye tundu la mlango. Karai lilikuwa limepungua. Nilidhani limevuja, nikapima kwa fimbo, nikakuta sakafu ni kavu. Amekunywa, na amemeza. Nilikaa chini nje ya ile stoo, mtu mwenye sare ya serikali, nikalia na pua yangu yote. Mchana nilimpa uji wa unga uliochemshwa pamoja na chisense, akaramba kidogo. Siku ya tano boti kutoka Kilwa ikafunga na Dwane, kwa miguu isiyonyooka bado, akabweka kutoka ndani ya mabati. Ufuko mzima ukacheka. Kijana aliyesema anajua nyumba yangu alikuja kunipa mkono.

Siku ya sita daktari wa Mansa alinipigia simu. Nilidhani anamuulizia Dwane, nikaanza kueleza kwa furaha. Akanikatisha. Majibu ya kile kichwa yalikuwa yamerudi kutoka Lusaka. Hakikuwa na kichaa.

Nilimfuata Mama Ngoie mezani kwake. Nikamuuliza kama anajua Ba Chola alikuwa anampa mbwa wake nini.

"Njo ile ile," akajibu, anageuza vidagaa kwa mkono mzima. "Miye nilimuambia. Ufuko yote nilibaambia. Nikasema, angalieni Dwane vile anang'aa, Mama Imbwa alisema mubichi."

Nikamweleza hapo hapo. Nilimwambia nilimaanisha samaki mzima, wa leo, wa kupikwa. Nilimwambia kosa ni langu, kwamba mbwa wake aliugua kwa neno langu na kidole chake ni cha kwangu pia. Aliacha kugeuza samaki. Nilingoja anitukane, na kweli ningepumua kama angenitukana.

"Mais lakini, Dokotere," akasema, "mubichi ni mubichi. Ulitaka nisikie nini?"

Kazi ya siku zilizobaki ilikuwa kuzunguka meza kwa meza na kusahihisha. Msidhani ilikuwa rahisi. Kwenye meza ya kwanza nilisema kwa sauti, "Samaki ya imbwa lazima ipikwe!" na mzee mmoja akaniuliza kwa heshima zote, tuipike na nini, Mama, na kasia? Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeanza kuogopa kila neno mdomoni mwangu. Nilijaribu ichemshwe, nikajaribu iive, na kila mara mtu mmoja alielewa na mwingine akatikisa kichwa ili tu niondoke.

Siku ya kumi tulimfungua Dwane. Alitoka, akanusa gamboti zangu, akanusa mfuko wangu, akaridhika, akaenda kukagua boti. Mama Ngoie alikuwa amekuja na kidole chake kimekauka, na kichwani amebeba sufuria yake ya kupikia, ile yenye masizi. Akaninyoshea.

"Beba hii. Siku nyingine ukitaka kusema, usiseme. Onyesha."

Niliibeba kwenye pikipiki miaka yote iliyobaki. Ndani yake nilikuwa natia konzi ya chisense na maji, naiweka juu ya mafiga ya yeyote aliyekuwa karibu, na tunasimama wote mpaka ichemke. Inachukua muda. Ninyi vijana mtasema muda huo hamna.

Lakini kabla ya kuizungusha sufuria kwenye meza yoyote nilikuwa na nyumba moja ya kwenda. Nilikwenda kwa Ba Chola siku ileile, sufuria mkononi kwa sababu sikuwa na pa kuiweka. Alikuwa anashona wavu mbele ya nyumba. Akainuka, akanikaribisha, mwaiseni mukwai, akanipa kigoda chake, yeye akakaa chini. Nikamwambia majibu yamerudi. Nikamwambia mbwa wake hakuwa na kichaa, kwamba zilikuwa ni zile chisense mbichi, na kwamba Dwane alikuwa na ugonjwa uleule na leo amefunguliwa. Sikumficha neno lilitoka kwa nani. Alisikiliza mpaka mwisho, sindano ya wavu imesimama kati ya vidole.

"Mayo, mama," akasema kwa ule wingi wa heshima wa Kibemba, "siku ile nilitaka kuwaambia kwamba alikuwa anakula samaki tu. Niliona labda ni mfupa. Hamkuniuliza. Mngeniuliza, ningewaambia."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeniambia nimekosea njia. Nilitazama pale kwenye kijiti ambapo kamba ya yule mbwa ilikuwa bado imefungwa, na yeye akaona ninapotazama, akaangalia kwingine.

Kisha akaniuliza kama nimekula. Nilisema hapana, na ilikuwa kweli, kwa siku nyingi. Mke wake akaleta maji ya kunawa, akaleta ubwali na chisense kwenye bakuli moja, Ba Chola akamega wa kwanza, nami nikamega. Zilikuwa zimepikwa vizuri.